Gandhi, mtu aliyerudi kwao akaanza na uzi



Katika kila namba ya gazeti letu dogo tunaleta maisha ya mtu mmoja mkubwa aliyekufa zamani. Safari hii tumemchagua Mohandas Gandhi wa India. Wengi kati yetu wanalijua jina lake juu ya mambo mawili: alipinga wakoloni pasipo kushika silaha, na alivaa kitambaa kimoja tu kiunoni. Lakini kuna jambo la tatu lenye watu wachache wanalifikiri. Gandhi alikuwa mtu mwenye kurudi, sawa sisi. Alikaa ugenini zaidi ya miaka makumi mbili, hapa hapa Afrika, na aliporudi hakuijua tena nchi yake. Kazi aliyojulikana nayo zaidi kati ya watu wa vijiji ilikuwa uzi wa pamba.

Tunaandika juu yake sasa kwa sababu mnajua shauri lililo mbele yetu. Mkutano mkuu utatuuliza: ile feza iliyo ndani ya sanduku ya chama tuigawe kwa kila nyumba, ao tuifungulie chumba cha kazi ya mikono, wamama wapate kushona, kufuma sweta za watoto wa masomo na kusuka vikapu? Maneno yamekuwa makali pande zote mbili. Komite imetuomba tusiandike ya kuegemea upande mmoja, na tumekubali. Tunaleta tu maisha ya mtu huyu, kila mmoja asome mwenyewe.

Toka Porbandar mpaka Durban

Gandhi alizaliwa tarehe 2 mwezi wa 10, 1869, kule Porbandar, mji wa bahari katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Baba yake alikuwa waziri mkubwa wa mtawala wa pale. Toka pwani ile, kwa miaka mamia, majahazi yalikuwa yanasukumwa na upepo wa kaskazi mpaka Lamu, Mombasa na Zanzibar, yamebeba vitambaa vya pamba. Watu wa pwani ya Uswahili walijua nguo za Gujarat zamani sana, mbele Mzungu hajafika. Si kwamba wao hawakujua kufuma: kule Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wameokota vigurudumu vya udongo vya kusokotea uzi, na kisiwa cha Pate kilisifiwa kwa vitambaa vyake. Lakini nguo za India zilikuwa nyingi, nzuri, na zilifika kila mwaka.

Mu vijiji vya India kazi ile iligawanywa. Wanamke, karibu katika kila nyumba, walisokota uzi. Wafumaji walifuma kwenye mitambo ya mkono. Kule Dhaka, katika Bengal, walifuma kitambaa chembamba sana hata wafalme wa mbali walikitafuta. Kisha Waingereza wakaja. Wakaanza kuichukua pamba mbichi, wakaipeleka ku viwanda vya Lancashire kwa meli, na kuirudisha ikiwa nguo ya bei chini. Kodi na sheria ziliwekwa kusaidia nguo ya Uingereza. Wafumaji wengi wakakosa kazi, wakarudi kugombania mashamba ambayo hayakuwatosha. Gandhi alipozaliwa, hasara ile ilikuwa imeisha kufanyika. Hakukua akiona gurudumu la uzi nyumbani kwao.

Alioa akiwa na miaka 13, na bibi yake Kasturba alikuwa wa umri ule ule. Mwaka 1888 akaenda London kusomea sheria, akarudi 1891 akiwa avoka. Lakini kesi yake ya kwanza kule Bombay ilimpa haya: alisimama mbele ya mwamuzi, kichwa kikazunguka, hakuweza kusema neno hata moja. Akaketi, akarudisha malipo. Mtu ambaye baadaye mamilioni walimfuata alianza hivyo.

Njo maana alikubali kazi ya mwaka mmoja Afrika ya Kusini, kumsaidia mfanyabiashara Mwislamu wa Gujarat katika kesi ya feza. Mwezi wa 4, 1893, akapanda meli. Ilisimama Lamu, ambako karibu imwache bandarini, ikasimama Mombasa, na Zanzibar akakaa siku kama nane ao kumi. Mwezi wa 5 akafika Durban. Mwezi uliofuata, usiku wa baridi, walimtupa nje ya gari la moshi katika stesheni ya Pietermaritzburg kwa sababu alikaa mu behewa la daraja la kwanza na ngozi yake haikuwa nyeupe. Tikiti alikuwa nayo mkononi.

Ule mwaka mmoja ukageuka miaka 21. Aliunganisha Wahindi, alianzisha chama chao mwaka 1894, alifungwa mara kwa mara, na mwaka 1913 maelfu ya wafanyakazi wa makaa ya mawe na wa mashamba ya miwa waligoma pamoja naye mpaka kodi mbaya ya paundi tatu ikaondolewa. Pale njo alijifunza kukataa pasipo kupiga.

Hapa lazima tuseme na ubaya wake, juu sisi ni Waafrika. Katika miaka yake ya kwanza kule, Gandhi aliandika juu ya watu weusi kwa dharau. Alitaka Wahindi wasihesabiwe pamoja nao. Baadaye mawazo yake yalibadilika, lakini maandishi yale yapo. Mwaka 2018 chuo kikuu cha Ghana kiliondoa sanamu yake kwa sababu hiyo. Tunamheshimu mzee huyu, lakini hatumwoshi.

Aliporudi, kwanza alinyamaza

Tarehe 9 mwezi wa 1, 1915, Gandhi akashuka Bombay. Alikuwa na miaka 45. Watu walimngojea kama shujaa, wakitaka aseme. Lakini mkubwa wake katika siasa, Gopal Krishna Gokhale, alimshauri azunguke nchi mwaka mzima, afungue macho na masikio, kinywa akifunge. Gandhi akatii. Akapanda magari ya moshi ya daraja la tatu, pamoja na maskini, mbuzi na mizigo, akiona nchi ambayo aliifikiri anaijua.

Sisi wenye tulikimbia 2003, na wenye tulivuka ziwa 2018, tunajua jambo hili. Mtu anarudi Bunia, bei si zile, njia si zile, vijana wana maneno mapya, na jirani anamwangalia kama mgeni. Mwenye kurudi na kuanza siku ya kwanza kuwafundisha wale waliobaki, hakuna anayemsikia.

Mwezi wa 5 wa mwaka ule alifungua makao yake karibu na Ahmedabad, akaishi humo na jamaa na wafuasi wake. Alichagua mji ule, kati ya sababu zingine, kwa kuwa ulikuwa toka zamani mji wa wafumaji. Alitaka watu wake wavae kitambaa kilichofanywa kwa mkono. Kumbe hakuna hata mmoja kati yao aliyejua! Mwenyewe aliungama baadaye kwamba alipoandika kitabu chake cha 1909 na kusifu gurudumu la uzi, alikuwa hajaliona, wala hakulitofautisha na mtambo wa kufumia.

Wakanunua mitambo. Ikakaa bure mpaka fundi mmoja alipoletwa toka Palanpur kuwafundisha. Wakaanza kufuma, lakini shida ya pili ikatokea: uzi. Walilazimika kuununua ku viwanda. Wakaona kwamba walikuwa wamegeuka wafanyakazi wa viwanda pasipo mshahara. Mwenye kushika uzi, njo mwenye kushika kitambaa.

Mama wa Vijapur

Mwaka 1917 Gandhi alikutana na mjane mmoja, Gangaben Majmudar. Alikuwa mama asiye na masomo makubwa, lakini mwenye akili na moyo, aliyezoea kusafiri peke yake hata kwa farasi. Gandhi akampa kazi ya kutafuta gurudumu la kusokotea, lenye kwa lugha yao linaitwa charkha. Mama yule akazunguka Gujarat, mwishowe akafika Vijapur.

Pale alikuta magurudumu mengi. Hayakuwa yamechomwa wala kuuzwa. Wamama walikuwa wameyapandisha juu ya dari, yamejaa mavumbi. Ufundi ulikuwa bado mu mikono yao. Alipowauliza kama wangekubali kusokota tena, walijibu ndiyo, kwa masharti mawili: mtu awaletee pamba iliyotengenezwa kila mara, na mtu anunue uzi wao.

Tunaomba wasomaji wasimame hapa kidogo. Hawakuomba mafundisho. Hawakuomba mashini mpya. Ufundi walikuwa nao, chombo walikuwa nacho. Kilichokufa kilikuwa njia ya kupata pamba na njia ya kuuza uzi.

Pamba ikitoka shambani haiwezi kusokotwa mara moja. Kwanza mbegu zinaondolewa. Kisha fundi anaipiga kwa kamba ya upinde mkubwa mpaka inafura kama povu, halafu inazungushwa kuwa vijiti laini. Mwanamke anaketi chini, mkono wa kuume unazungusha gurudumu, wa kushoto unavuta pamba polepole, na uzi unatoka. Akivuta haraka, unakatika. Akichelewa, unakuwa mnene. Baada ya hapo uzi unapakwa uji ili uwe mgumu, unatandikwa kwenye mtambo, na mfumaji anapitisha mwingine kati kati, juu na chini, siku nzima. Nguo ya namna hii, yenye kusokotwa na kufumwa kwa mkono, inaitwa khadi.

Mwanzoni vijiti vya pamba vilitoka kiwandani, rafiki mmoja akivitoa. Gandhi akaona haifai: kama pamba inatengenezwa na mashini, kwa nini kujisumbua? Gangaben akamtafuta mpigaji wa pamba, akakubali malipo yake ya rupia 35 kwa mwezi, pesa nyingi kwa wakati ule, kisha akafundisha vijana kutengeneza vijiti. Gandhi akaomba pamba kwa watu wa Bombay. Akaleta wafumaji pale pale Vijapur.

Kitambaa cha kwanza kilikuwa kizito, kifupi kwa upana, na bei yake ilipita ya duka. Gandhi akamwambia Gangaben kwamba asipopata kitambaa cha upana wa inchi 45, yeye mzee atavaa kifupi na kuonyesha magoti. Ndani ya mwezi mmoja mama yule akakileta.

Ada ya uzi

Toka 1920 jambo la uzi likaingia mu siasa ya nchi nzima. Mwezi wa 7, 1921, kule Bombay, watu walirundika nguo za ng'ambo wakazichoma. Wengine walimlaumu Gandhi: maskini wanatembea uchi, nawe unachoma nguo? Mshairi mkubwa Rabindranath Tagore alikuwa mmoja wa waliompinga. Aliona vibaya watu wote waambiwe wasokote, kama kwamba akili ya mtu inafungwa kwenye gurudumu. Walibishana waziwazi miaka mingi, na waliendelea kuheshimiana.

Mwezi wa 9 wa mwaka ule, kule Madurai kusini mwa India, Gandhi akavua shati na kofia. Maskini walikuwa wamemweleza kwamba khadi ni ghali kwao. Akaanza kuvaa kitambaa kifupi tu, kama mkulima, na hakukiacha mpaka kufa. Hata mwaka 1931, alipoitwa kwa mfalme wa Uingereza, hakukibadilisha.

Mwisho wa 1924 chama chake cha siasa kikakubali sheria ya ajabu: ada ya memba haitakuwa feza, itakuwa uzi, yadi 2,000 kila mwezi. Tajiri na maskini, avoka na mkulima, kila mtu alete uzi. Sheria ile haikukaa hata mwaka mzima kwa ukali wake. Wengi hawakuleta, na ikabidi ilegezwe. Mzee hakukasirika akaacha. Mwaka 1925 alianzisha chama kingine cha wasokotaji wa India yote, kazi yake ikiwa kupeleka pamba vijijini, kununua uzi, kulipa wafumaji na kufungua maduka. Mwaka 1929 walitangaza zawadi ya rupia 100,000 kwa mtu atakayetengeneza gurudumu bora zaidi. Akiwa gerezani Yeravda, Gandhi alitumia gurudumu dogo lenye kukunjwa ndani ya kisanduku, msafiri anaweza kulibeba.

Wakati ule ule, kwetu Kongo, pamba ilikuwa na sura nyingine. Toka 1917 serikali ya Wabeljiki ililazimisha watu kulima pamba, zaidi sana kule Uele. Kila nyumba ilipewa kipimo cha shamba, kampuni ilinunua kwa bei iliyopangwa, na asiyelima alifungwa ao kupigwa fimbo. Mkulima aliuza pamba, kisha mkewe alinunua kikwembe. Mu msitu wa Ituri mababu walikuwa na kitambaa chao cha ganda la mti, lenye kupigwa kwa nyundo mpaka linalainika. Nacho kilirudi nyuma mbele ya nguo ya duka. Tofauti ni kwamba kwetu hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kuuliza nini imewekwa juu ya dari.

Mwaka 1931, alipokuwa Uingereza, Gandhi alienda Lancashire kuwaona wafanyakazi wa viwanda waliokosa kazi, wengine juu ya mgomo wa Wahindi wa kununua nguo zao. Watu walifikiri atatukanwa. Wafanyakazi wale walimpokea vizuri. Naye hakuwadanganya: aliwahurumia, lakini akawaeleza kwamba njaa ya vijiji vya India ilipita ya kwao.

Mwezi wa 2, 1944, Kasturba alikufa akiwa mfungwa pamoja naye kule Pune. Walimchoma, kwa desturi yao, akiwa amevaa sari iliyofumwa kwa uzi ambao mzee mwenyewe aliusokota.

Nyumba za wenye walikimbia

Uhuru ulikuja tarehe 15 mwezi wa 8, 1947, na nchi ikakatwa vipande viwili, India na Pakistan. Mamilioni ya watu wakakimbia, Wahindu na Masinga upande mmoja, Waislamu upande mwingine. Magari ya moshi yalifika yamejaa maiti. Siku ile ya shangwe Gandhi hakuwa mji mkuu. Alikuwa Calcutta, katika nyumba ya mtaa wenye vurugu, akifunga, akiomba na kusokota.

Mwezi wa 1, 1948, kule Delhi, wakimbizi wenye uchungu walikuwa wamekamata nyumba na misikiti ya Waislamu. Gandhi, akiwa na miaka 78, akaanza kufunga chakula tarehe 13. Kati ya mambo aliyodai: misikiti irudishwe, na Waislamu waliokimbia waweze kurudi nyumbani kwao kwa amani. Tarehe 18 viongozi wa pande zote walitia sahihi, akanywa maji ya machungwa. Siku 12 baadaye, tarehe 30, Mhindu mwenzake, Nathuram Godse, akampiga risasi akienda kwenye maombi. Alimchukia kwa sababu aliwatetea wale wengine.

Wengi wetu tuliporudi tulikuta mtu mwingine ndani ya nyumba yetu. Na tuseme kweli: wengine kati yetu, kwa kukosa pa kwenda, tuliingia mu nyumba ya mtu aliyekimbia. Mzee Gandhi alikufa juu ya jambo hilo hilo.

Sehemu ya majivu yake ililetwa Uganda mwaka 1948, ikamwagwa Jinja, pale Nile inapotoka ziwa Victoria. Wale waliopita kule wakati wa ukimbizi huenda waliiona sanamu yake. Maji ya Jinja yanashuka, yanapita ziwa Kyoga, yanaingia ziwa Albert, lile ziwa tulilovuka na mitumbwi.

Mbele ya mkutano

Khadi haikushinda viwanda. India leo ina viwanda vikubwa vya nguo, na msokotaji wa mkono bado analipwa kidogo. Lakini ufundi haukupotea. Serikali iliunda ofisi yake ya khadi katika miaka ya 1950, na mpaka mwisho wa 2021 sheria ilitaka bendera ya taifa ifanywe kwa khadi tu.

Wanamemba wa zamani wanakumbuka kwamba mradi mmoja ulitupa mashini za kushona. Hakuna aliyeuliza kitambaa kitatoka wapi na nani atanunua. Kisha miezi sita mashini zikauzwa moja moja, zikawa unga na dawa. Hatumlaumu mama aliyeuza, mtoto alikuwa mgonjwa. Wanaotaka feza igawanywe wanalikumbuka hilo, na wana haki. Wanaotaka chumba nao wanakumbuka kwamba feza ya kugawa, kila nyumba, haitafika mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo komite inaomba hivi. Mbele ya mkutano, kila memba apite nyumba tatu za jirani zake aulize: nani anajua kazi ya mikono, na chombo chake kiko wapi? Nyuzi na vitambaa anaweza kuvipata wapi, kwa bei gani? Na nani, mu Bunia hii, ameisha kumwambia kwamba atanunua? Majibu yaandikwe, hata kwa karatasi ya daftari, yapewe mwandishi wa chama. Yatasomwa kwa sauti mbele ya kura, ili tupige kura tukijua.